Kabla Chuma Hakijakatwa: Mambo ya Kuzingatia Unapobadili Bodi ya Land Rover ya Zamani

Na Mwandishi Wetu, Arusha

OLMOTONYI, kwenye miteremko ya Mlima Meru nje kidogo ya Jiji la Arusha, inafahamika zaidi kwa Chuo cha Misitu na mashamba ya miti. Ni miongoni mwa maeneo ambayo gari linalovuta kwa magurudumu yote manne bado lina kazi ya kila siku. Mvua za masika zinapogeuza udongo wa mlimani kuwa utelezi, gari la kawaida huachwa barabara ya lami, na Land Rover ya zamani ndiyo inayoendelea na safari.

Hata hivyo, ni nadra kuikuta Land Rover ya zamani katika Mkoa wa Arusha ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Iliyokuwa pikapu sasa ina paa na viti vya abiria. Iliyokuwa fupi imerefushwa. Iliyokuwa na paa la bati moja sasa ina paa la kuinuka ili mgeni asimame na kumtazama simba. Mafundi wa Arusha wamejijengea sifa katika kazi hii, na sekta ya utalii ya Kanda ya Kaskazini inawategemea.

Kubadili bodi ya gari si kosa kisheria. Tatizo huanza pale gari linapobadilishwa huku kadi yake ya usajili ikiendelea kueleza gari jingine, na pale chuma kinapokatwa bila mtu yeyote kukokotoa uzito ambao chuma hicho kitaubeba. Makala haya yanaeleza namna mabadiliko hayo yanavyofanyika, hatari zilizomo, na hatua ambazo mmiliki anapaswa kuzifuata ili gari lake liwe salama, halali na lenye thamani.

Kwa nini Land Rover hubadilika kwa urahisi

Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba; hivyo, watengenezaji walitumia mabamba ya aloi ya aluminiamu kwa sehemu kubwa ya bodi na kuyafunga juu ya chasisi ya chuma yenye umbo la ngazi: boriti mbili ndefu zilizounganishwa kwa boriti fupi za kukingama.

Umbo hilo ndilo siri ya maisha marefu ya gari hili. Injini, giaboksi, ekseli na springi vyote hushikiliwa na chasisi. Bodi hukaa juu yake na kufungwa kwa bolti. Tangu mwanzo kiwanda kiliuza gari hilohilo likiwa pikapu, likiwa na turubai, likiwa na paa gumu au likiwa na viti vya abiria na madirisha. Fundi anayeondoa paa la pikapu na kufunga paa refu lenye madirisha anafuata njia ambayo mbunifu mwenyewe aliiacha wazi.

Magari mengi madogo ya kisasa hayako hivyo. Katika magari hayo bodi yenyewe ndiyo chasisi. Paa, nguzo za milango na sakafu hubeba mzigo kwa pamoja. Kukata paa la gari la namna hiyo ni sawa na kuondoa ukuta unaobeba nyumba. Mmiliki asidhani kwamba lililowezekana kwa Land Rover au kwa Land Cruiser maarufu kama “mkonga” litawezekana kwa kila gari.

Desturi ya kubadili magari kwa ajili ya kazi za porini si ngeni katika eneo hili. Filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962, ilipigwa kwa sehemu kubwa Tanganyika, yakiwemo maeneo ya Arusha. Ndani yake yanaonekana magari ya kukamatia wanyama ambayo bodi zake zilibadilishwa, kiti cha mkamataji kikiwa kimefungwa nje upande wa mbele. Kilichobadilika tangu wakati huo ni wingi wa abiria, kasi ya barabara za lami na wajibu wa kisheria kwa anayebeba watu kwa malipo.

Ngazi tatu za mabadiliko

Mabadiliko ya bodi yanaweza kugawanywa katika ngazi tatu, na kila ngazi ina uzito wake wa hatari.

Ngazi ya kwanza ni ya bolti na nati. Hapa sehemu moja hufunguliwa na nyingine inayolingana nayo hufungwa mahali pake: paa la turubai huondolewa na kuwekwa paa gumu, au sehemu ya nyuma ya pikapu hupewa paa lenye madirisha. Hakuna chuma kinachobeba mzigo kinachokatwa, na gari linaweza kurudishwa katika hali yake ya awali.

Ngazi ya pili ni ya kukata bodi. Hii ndiyo kazi ya kutengeneza paa la kuinuka kwa ajili ya utalii, kuongeza milango au kupanua madirisha. Chasisi haiguswi, lakini uimara wa sehemu ya juu hupungua. Paa lililokatwa katikati haliwezi tena kuzuia nguzo zisipinde gari linapopinduka, isipokuwa fundi ameweka fremu ya mabomba ya chuma inayozunguka tundu hilo na kushuka hadi kwenye sakafu na chasisi. Fremu iliyochomelewa kwenye bati peke yake haimlindi abiria, kwani bati hukunjika kabla fremu haijafanya kazi.

Ngazi ya tatu ni ya kukata chasisi ili gari lirefushwe. Hata kiwanda chenyewe kimewahi kufanya hivyo: katika miaka ya 1980, Land Rover 127 za mwanzo zilitengenezwa kwa kuchukua chasisi ya 110, kuikata vipande viwili na kuingiza kipande cha inchi 17, yaani takribani sentimeta 43, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mfano huo unaonesha kwamba kazi inawezekana. Unaonesha pia kwamba ni kazi ya wahandisi wenye michoro, vipimo na meza ya kunyooshea chasisi, na haifai kukadiriwa kwa macho.

Hesabu ya uzito

Kila gari lina ukomo wa uzito uliowekwa na mtengenezaji, unaojumuisha gari lenyewe, mafuta, dereva, abiria na mizigo. Kuongeza urefu wa bodi hakuongezi ukomo huo. Breki, ekseli, difu na fani za magurudumu hubaki zilezile hata kama viti vimeongezeka.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Gari lina ukomo wa kilo 3,050 na uzito wa kilo 2,000 likiwa tupu. Hivyo, linaweza kubeba kilo 1,050. Fundi akiongeza fremu, paa la kuinuka, viti vipya, keria, tairi la pili la akiba na jokofu vyenye jumla ya kilo 350, zinabaki kilo 700. Dereva na abiria saba, kwa wastani wa kilo 75 kila mmoja, wanachukua kilo 600. Lita 100 za dizeli ya ziada zina uzito wa takribani kilo 84, na lita 60 za maji ni kilo 60. Jumla ni kilo 744. Gari limevuka ukomo wake kwa kilo 44 kabla begi hata moja halijapakiwa.

Mahali uzito unapowekwa pana umuhimu sawa na kiasi chake. Keria iliyojaa madumu na mahema juu ya paa huinua kitovu cha uzito wa gari, na gari lenye kitovu cha juu hupinduka kwa urahisi zaidi linapokwepa shimo, mnyama au pikipiki. Mafuta na maji yanapaswa kuwekwa chini, karibu na katikati ya chasisi. Juu ya paa viwekwe vitu vyepesi pekee.

Gari lililorefushwa huhitaji pia nafasi kubwa zaidi ya kugeukia, na tumbo lake hugusa ardhi mapema linapovuka tuta au korongo. Dereva aliyezoea gari fupi anapaswa kujifunza upya. Kwa wanaopeleka wageni Ngorongoro, ambako kreta ina kina cha takribani mita 600 na barabara za kushuka na kupanda ni kali, hali ya breki za gari lililoongezewa uzito haipaswi kuachiwa bahati.

Kazi ya gereji: mambo ambayo mmiliki anapaswa kuyaulizia

Mmiliki si lazima awe fundi, lakini anapaswa kujua maswali ya kuuliza kabla ya kulipa malipo ya awali.

Swali la kwanza linahusu maungio ya chasisi. Maungio yaliyokatwa wima na kuchomelewa pembeni tu ni dhaifu, kwa kuwa nguvu zote za kupinda hukutana kwenye mstari mmoja. Njia iliyo bora ni kukata kwa mshazari, kuingiza kipande cha ndani kinachobana pande zote mbili, na kuongeza mabamba ya nje yenye ncha zilizochongwa ili mzigo usambae polepole. Maungio hayapaswi kuwa karibu na mahali springi zinaposhikiliwa.

Swali la pili ni shafti ya propela. Gari likirefushwa, shafti nayo hurefuka. Shafti ndefu isiyosawazishwa hutetemeka, huharibu fani na giaboksi, na inaweza kukatika gari likiwa katika mwendo. Wakati mwingine hulazimu kutumia shafti ya vipande viwili yenye fani ya katikati. Mabomba ya breki, mabomba ya mafuta na nyaya za umeme navyo virefushwe kwa vifaa stahiki na vifungwe imara, mbali na eksozi.

Swali la tatu ni kutu. Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa polepole na kugeuka unga mweupe. Land Rover nyingi za zamani zina kasoro hiyo kwenye milango na kwenye pembe za bodi. Fundi makini huweka mpira au kitenganishi kingine kati ya metali hizo mbili, hupaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga, na hafuniki chuma kilichooza kwa puti na rangi mpya.

Swali la nne ni viti na mikanda. Kiti cha abiria kinapaswa kufungwa kwa bolti zinazopita kwenye bamba la kuimarisha na kushikana na fremu au chasisi. Kiti kilichofungwa kwenye bati jembamba la sakafu hung’oka gari linapogonga, na mkanda uliofungwa kwenye kiti hicho hung’oka nacho.

Usalama wa fundi nao usisahaulike. Tangi la mafuta liondolewe kabla ya kuchomelea na betri itenganishwe. Chuma chenye mabati ya zinki kikwanguliwe kwanza na kazi ifanyike penye hewa ya kutosha, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Mafundi waliojifunza kazi gerejini bila cheti wanahimizwa kutumia utaratibu wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ili kazi yao iaminike zaidi mbele ya wateja na wakaguzi.

Kadi, ukaguzi, leseni na bima

Kadi ya usajili wa gari hubeba maelezo ya namba ya chasisi, namba ya injini, aina ya bodi, rangi, idadi ya viti na uzito. Gari likibadilishwa bodi, baadhi ya maelezo hayo huacha kuwa kweli. Usajili wa magari nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inahusu hali ya gari linalotumika barabarani.

Mmiliki anashauriwa kufuata mpangilio ufuatao. Kwanza, kabla ya kazi kuanza, afike ofisi ya TRA iliyo karibu naye na kwa mkaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani, aeleze anachokusudia kufanya na kupata orodha ya viambatisho vinavyohitajika. Pili, atunze stakabadhi za vifaa na malipo ya fundi pamoja na picha za gari kabla, wakati na baada ya kazi. Tatu, kazi ikikamilika apeleke gari kukaguliwa. Nne, awasilishe TRA maombi ya kubadili taarifa pamoja na kadi halisi na taarifa ya ukaguzi. Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba maalumu ya malipo na si kwa kumkabidhi mtu fedha mkononi.

Namba ya chasisi haipaswi kuguswa kwa namna yoyote. Hiyo ndiyo utambulisho wa gari. Kuikata, kuisaga, kuifunika au kuhamishia namba ya gari moja kwenye chasisi ya gari jingine kunamweka mmiliki na fundi katika hatari ya kushtakiwa, hata kama gari lilinunuliwa kihalali. Endapo sehemu yenye namba imeliwa na kutu, jambo hilo lipelekwe kwa mamlaka husika kabla ya matengenezo.

Gari likitumika kubeba abiria kwa malipo, linahitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019. Anayefanya biashara ya kuhudumia watalii anapaswa pia kuwa na leseni ya biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Dereva naye awe na daraja la leseni linalolingana na idadi ya abiria. Ndiyo maana idadi ya viti iliyoandikwa kwenye kadi ni jambo zito: nyaraka nyingine hujengwa juu yake.

Kwa upande wa bima, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari linalotumika barabarani kuwa na bima inayowahusu watu wengine. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa maelezo anayoyatoa mteja. Mmiliki aliyekata bima ya pikapu ya watu watatu, kisha gari likapata ajali likiwa na abiria wanane, amejiweka mahali pabaya: kampuni ina sababu ya kuhoji dai lake, na majeruhi na familia zao wanaweza kusubiri muda mrefu kupata haki. Ni vema kuijulisha kampuni ya bima kwa maandishi mara tu gari linapobadilishwa, na kupata uthibitisho kwamba mabadiliko hayo yamepokelewa.

Gari la kale ni urithi pia

Mwezi Oktoba 2024 Mkoa wa Arusha ulikuwa mwenyeji wa Tamasha la Land Rover lililowakusanya wamiliki kutoka sehemu mbalimbali, mojawapo ya malengo likiwa kuivuka rekodi ya dunia ya msafara wa magari 632 iliyowekwa nchini Ujerumani mwaka 2018. Tamasha hilo liliwakumbusha wengi kwamba gari lililofanya kazi mashambani, misituni na katika huduma za umma linaweza kuwa na thamani ya kihistoria na kuvutia wageni.

Thamani hiyo ina masharti yake. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa miaka 30 au zaidi na likiwa limehifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria. Uzalishaji wa Land Rover Defender ya umbo la zamani ulikoma Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Magari ya asili hayataongezeka. Yatapungua, na kila moja linalokatwa linaondoka katika hesabu hiyo.

Hii haina maana kwamba gari la kazi ligeuzwe sanamu. Familia inayoishi kwa kipato cha gari ina haki ya kulitengeneza likidhi kazi yake. Hata hivyo, mmiliki wa Land Rover ya miaka ya 1950 au 1960 ambayo chasisi, injini na bodi yake bado ni za awali anashauriwa kutafuta tathmini kabla ya kuikata; huenda thamani yake ikiwa nzima ni kubwa kuliko ya gari la viti vinane. Na pale mabadiliko yanapohitajika, ngazi ya kwanza, ile ya bolti na nati, ipewe kipaumbele, na paa, milango na viti vya awali vihifadhiwe mahali pakavu. Kilichofunguliwa kinaweza kurudishwa. Kilichokatwa hakirudi.

Kwa anayenunua gari lililokwishabadilishwa

Wananchi wengi hukutana na gari la namna hii sokoni au mnadani. Kabla ya kulipa, mnunuzi ailinganishe namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi. Ahesabu viti na kulinganisha na idadi iliyosajiliwa. Ainame chini ya gari na kutazama maungio ya chasisi, hasa yaliyofunikwa kwa rangi nzito nyeusi. Na aliendeshe kwenye lami na kwenye barabara ya vumbi, akisikiliza mtetemo wa propela na kuangalia kama gari linavuta upande mmoja linapofunga breki. Gari lililotoka kwenye mnada wa Serikali liwe na nyaraka zote za mauzo, ili usajili mpya ufanyike bila mashaka.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Wiki chache za kupima, kuuliza na kukaguliwa ni gharama ndogo kwa gari litakalopanda milima ya Meru na kushuka Ngorongoro likiwa na roho za watu ndani yake. Wamiliki, mafundi na madereva wa Mkoa wa Arusha wanahimizwa kuhakikisha kwamba gari lililopo barabarani na gari lililoandikwa kwenye kadi ni gari moja.